Mgeni Apige wa Pili

Simu ililia saa nne asubuhi nikiwa dukani napima sukari, na namba yenyewe ilikuwa ndefu kupita kiasi, nikadhani ni wale matapeli wa kuniambia nimeshinda gari. Kumbe ni Bwana Nishio. Sauti imezeeka, lakini Kiingereza chake bado kinakanyaga polepole kama mtu aliyevua viatu. Aliniambia Mheshimiwa Oginuma amefariki akiwa na miaka tisini na mmoja, nyumbani kwake, bila kuteseka. Nikasema inna lillahi kwa mazoea, kisha nikakumbuka naongea na nani, nikampa pole. Akanishukuru. Akauliza afya yangu, akauliza watoto, akauliza kama mvua imenyesha. Habari za kisima hakuuliza, wala hajawahi kuuliza hata siku moja. Nilipokata simu, mama mmoja aliyekuwa akingoja sukari yake akataka kujua nani amekufa, nikamwambia ni mbunge wa Japani. Akacheka. "Wa hapa tu hatujui sura yake, wewe unajua wa Japani?" Nikacheka naye, nikampimia sukari yake, kisha nikafunga duka nikaenda kujilaza chali nikitazama dari mpaka adhana ya alasiri.

Ya babu zangu waliofika Isiolo na bunduki ya Mwingereza mabegani yameshasimuliwa na watu wengine, na kwa madoido. Mimi nina mwaka mmoja tu wa kusimulia. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeajiriwa kuwa mkalimani wa mradi wa maji. Kiborana nilikiokota mtaani nikicheza na watoto wa jirani, Kiingereza nilikipata shuleni, na kiburi sijui nilikipata wapi, lakini nilikuwa nacho cha kutosha. Mwaka ule watu watatu walikufa Sericho kwa sababu ya maneno ya mzee mmoja ambayo nilipaswa kuyatafsiri na sikuyatafsiri. Kisima chenyewe leo kimejaa mawe. Mheshimiwa ameondoka duniani, mzee aliondoka kabla yake, na sasa anayejua jambo hili lote kutoka mwanzo hadi mwisho ni mimi peke yangu. Sitaki kwenda nalo.

Mheshimiwa Oginuma alipofika kwetu mara ya kwanza alikuwa na zaidi ya miaka ishirini bungeni kwao, na baadaye akakaa mingine karibu ishirini. Alikuwa mwenyekiti wa wabunge wanaojiita marafiki wa Afrika. Tulimweka katika nyumba ya wageni karibu na soko la mifugo, chumba cha mapazia ya maua na kitanda kilichokuwa kikilia kila akikaa, na kila jioni kabla ya magharibi tulikula naye katika kile chumba cha mbele chenye meza moja na kalenda ya mwaka uliopita. Alikula kila kitu. Nyama ya ngamia, chapati, wali, hata maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi ambayo wageni wengi huyaonja kwa ncha ya ulimi na kusema ni mazuri sana. Yeye alimaliza kikombe akaomba kingine. Akishiba ndipo alipoanza kusimulia, na mimi nilikuwa nikimsikiliza kwa mdomo wazi, maana sikuwahi kukaa meza moja na mtu mkubwa kiasi kile. Alituambia alianza kwa kubeba mkoba wa mbunge mwingine kwa miaka kumi na mmoja, kumfungulia mlango wa gari, kumkumbusha kwa kumnong'oneza kila nyumba imefiwa na nani. Mbunge yule alipokufa, mkoba ukarithi kiti. Tangu hapo kila asubuhi akiwa jimboni alisimama mbele ya kituo cha treni akiwainamia watu wanaokwenda kazini, mvua inyeshe, theluji ianguke, na aliendelea kuinama hata baada ya kushinda. Uchaguzi mmoja tu alishindwa, kwa sababu theluji ilimzuia kufika kwenye mazishi ya mkulima mmoja mwenye ukoo mkubwa.

Jembe alikuwa nalo kwenye sanduku lake, limefungwa kitambaa cha buluu. Lilikuwa la baba yake. Kila barabara, kila shule, kila daraja lililojengwa kwa jina lake, alivua viatu akapiga ardhi kwanza kwa jembe lile, na picha za siku hizo zote zilitundikwa ofisini kwake kwa mstari. Watu wa kijijini kwao walimpigia kura wakikumbuka jembe, wala si hotuba. "Mwanasiasa hupiga jembe la kwanza," alituambia, "na katibu wake hubeba lawama ya mwisho. Jambo jema ni langu. Baya ni la Nishio." Wakacheka wote wawili, katibu wake Nishio akimmiminia chai isiyo na maziwa, na mimi nikacheka pia kwa sababu wakubwa walikuwa wakicheka. Nishio alikuwa na miaka kumi na minne ya kubeba mkoba. Kila mtu alijua kiti kile kingekuwa chake.

Tulikwenda Sericho kwa magari mawili, la mbele likiendeshwa na Ekal, kijana wa Ngaremara aliyekuwa dereva wa mradi, ambaye alitumia safari nzima kunitania kwamba nimevaa kama bibi harusi kwenda kuangalia shimo. Ni kweli nilikuwa nimevaa. Kulikuwa na bwana D.O., ofisa wa serikali wa tarafa, kulikuwa na mpiga picha wa gazeti la kwao Mheshimiwa, na wazee walikuwa wameketi chini kwenye kivuli cha turubai wakingoja tangu alfajiri. Mkubwa wao aliitwa Dida, mtu mwembamba, kilemba cheupe, macho yaliyoanza kufanya ukungu. Mahali pa kuchimba palikuwa pameshawekwa alama ya chokaa. Mheshimiwa alikuwa amevua viatu tayari, amepiga magoti anafungua kile kitambaa cha buluu, wakati mzee Dida aliponiita kwa mkono nikasogea. Alisema polepole ili nisipoteze kitu, na sikupoteza kitu. Mpaka leo nayajua kwa moyo kama sura fupi ya Kurani.

"Mwambie mgeni wetu hivi. Mahali hapa baba yangu alipaona, akafa hajapachimba. Kwetu anayepiga ardhi kwanza ndiye konfi, baba wa kisima. Maji yakigombaniwa, yeye ndiye husema nani atangulie na nani angoje, na neno lake halirudishwi. Asipokuwepo, hakuna wa kusema. Na yeye kwao ni mbali. Mgeni apige wa pili. Wa kwanza awe mtu wa hapa. Mwambie si dharau, ni kumpunguzia mzigo."

Nyuma yangu bwana D.O. alikuwa akifoka kwa sauti ya chini. "Wewe msichana, sema haraka, jua inachoma mgeni. Hawa wazee wakianza hawamalizi." Mpiga picha alikuwa ameshachuchumaa. Na Mheshimiwa, mtu wa umri wa baba yangu, alikuwa pale chini kwenye vumbi miguu mitupu, ameshika mpini kwa mikono miwili, akinitazama kwa uso wa mtu aliyekwisha kufurahi. Niliona haya. Sina neno jingine. Niliona haya kumwambia mtu mzima mbele za watu arudishe jembe lake kwenye kitambaa. Na pembeni ya haya yale kulikuwa na kitu kibaya zaidi, kwamba mimi msichana wa mjini niliona yale ni mambo ya wazee wa porini, yatapita tu. Nikamwambia Mheshimiwa, "Wanasema karibu. Mahali hapa wanapaheshimu sana." Akapiga. Udongo ukaruka, mpiga picha akapiga picha zake. Dida hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Na amekubali?"

Nikasema amekubali. Hapo mzee akainuka kwa shida, akamwendea Mheshimiwa, akamtemea mate ya baraka kwenye kiganja, akamwita baba wa kisima, na wazee wote wakaitikia. Zikaletwa buni zilizokaangwa kwa samli kwenye kibuyu, akapewa yeye kwanza, akazitafuna na maganda yake bila kukunja uso. Aliniuliza wanasema nini. Nikamwambia wanakubariki, na kwa hilo angalau sikudanganya. Alilia machozi kidogo. Njiani kurudi alisema hajawahi kupokelewa vile hata jimboni kwake, na mimi nikajiona nimefanya kazi nzuri. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mara nyingine nikisikia msemo ule arusini natamani kuziba masikio.

Maji yalipatikana, tena matamu. Miezi kadhaa Sericho walikunywa, wakanywesha, hakuna aliyeuliza zamu, kwa sababu palipo na mvua hakuna anayehitaji baba wa kisima. Kisha mvua za pili hazikuja. Mifugo ikaanza kushuka kutoka mbali, ng'ombe wa ukoo huu, ngamia wa ukoo ule, na kisima ni kile kile kimoja. Siku moja nilitoka ofisini nikamkuta mzee Dida ameketi kwenye benchi nje ya posta, fimbo katikati ya magoti, vumbi la lori mpaka kwenye kope. Alikuwa amesafiri siku mbili. Nikampeleka hotelini nikamwagizia chai na mkate, akala nusu, nusu akaifunga kwenye shuka lake. "Mwandikie konfi," akaniambia. "Aseme nani atangulie. Au atuachie. Akisimama mbele ya wazee akasema kwa mdomo wake kisima nimewaachia nyinyi, basi, imekwisha, mimi nitapanga zamu. Lakini bila neno lake nikipanga mimi, kila mtu ataniuliza wewe ni nani." Nilimuuliza kwa nini asichukue tu, naye yuko pale na mwenye kisima yuko ng'ambo ya bahari. Akanitazama kwa huruma kama anayemtazama mtoto mgonjwa. "Alichokubali mtu mbele ya wazee, mimi nitakiibaje?"

Hapo nilikuwa na nafasi ya kuandika ukweli. Kuandika ukweli kulikuwa kuandika kwamba siku ile sikutafsiri, na kazi niliipenda, na mshahara ulikuwa unalisha nyumba nzima. Nikaandika kwa Kiingereza kizuri, "Wazee wa Sericho wanakusalimu na wanaomba ushauri wako kuhusu utaratibu wa kuteka maji." Tukaituma kwa faksi pale posta, mzee akiangalia karatasi ikimezwa na mashine. Jibu lilifika siku ya nne, limesainiwa na Nishio. Mheshimiwa yuko katikati ya uchaguzi, anawashukuru, anawaombea maji mengi, na utaratibu ni vizuri waamue wenyeji wenyewe. Ni jibu la adabu kwa swali lile nililoliuliza. Nikamsomea Dida, aliyekuwa amengoja siku zote nne akilala msikitini. Akasema, "Hilo si jibu la konfi." Akaniombea dua, akanishukuru kwa mkate, akaenda kutafuta lori la kurudi.

Habari zililetwa na Ekal. Nilikuwa sokoni kwa akina mama wa maziwa, nachagua mtungi, nikamwona anakuja hatanii mtu. "Saadia, maneno imeharibika kule kwa kisima. Watu imekatana." Nikamuuliza ni wangapi. "Tatu. Na yule mzee yako ako kwa hao tatu. Alisimama hapo kwa mdomo ya kisima akifungua mikono, akiwaambia wangoje, wangoje. Mmoja akamwambia wewe si baba ya hii maji. Akasukumwa." Ekal alikuwa amemtoa kisimani yeye mwenyewe, yeye na watu wengine, kwa kamba ya ndoo. Alinionyesha viganja. Sikulia pale. Nililipa maziwa, nikayabeba mpaka nyumbani, nikayachemsha, yakamwagika yote jikoni nikiwa nimesimama nayatazama.

Mheshimiwa alirudi mwisho wa mwaka, ameshinda tena. Chumba kile kile, kitanda kile kile cha kelele, kalenda ile ile ya mwaka uliopita. Alikuja na Nishio na yule mtu wa gazeti, maana gazeti lilitaka picha ya pili, ile ya maji. Habari za vifo alizikuta uwanja wa ndege. Mchana ule, baada ya chakula ambacho hakukigusa, alimtuma Nishio akanunue ndizi za Burat, akanibakisha mezani. Alizungusha kikombe chake muda mrefu. "Siku ile ya jembe," akasema, "mzee alisema maneno mengi na wewe ukasema machache. Nimekaa na wakalimani maisha yangu yote. Niliona." Nikamwambia yote. Nikamwambia konfi ni nini, nikamwambia barua ilivyokuwa na ilivyopaswa kuwa, nikamwambia Dida alikufa akiwa amesimama mahali pake yeye. Nilifurahi kuyasema, kama mtu anayetapika kitu kilichomkaa. Hakunikemea. Alisema, "Niliona, na sikuuliza, kwa sababu mpiga picha alikuwa tayari." Kisha akauliza kuna nini cha kufanya. Nikamwambia ni neno moja tu. Asimame mbele ya wazee, aseme kisima kilikuwa changu, nimewaachia nyinyi. Mtu wa Sericho atakuwa baba wa kisima, zamu itapangwa, ng'ombe watakunywa.

"Nikisema kilikuwa changu, na damu ni yangu."

"Nusu yake ni yangu," nikamwambia.

Alitazama mlango, ule upande ambao mtu wa gazeti alikuwa amelala. Nishio aliporudi na ndizi nilitoka nikakaa kwenye ngazi za uani. Ukuta wa nyumba ile ulikuwa wa mbao nyembamba, nikawasikia wakizungumza lugha yao, sauti ya mzee ikienda mbali, ikisimama, ikiendelea, na sauti ya Nishio ikijibu kwa neno lile lile moja fupi la kuitikia. Hawakugombana. Sikuelewa neno hata moja na nilielewa kila kitu. Nishio alipotoka alinikuta pale, akanipa ndizi mbili, akaniomba pasi ya kunyoosha shati. Ningeweza kumwambia ukweli wa barua ile. Niliangalia anavyonyoosha ile kola, mara mbili, mara tatu, mtu mwenye miaka kumi na minne ya mkoba. Watu husema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nimeishi nikijiuliza husema nini juu ya wale wanaosimama pembeni wakiwa wamevaa zao. Kiti kile baadaye alipewa mpwa wa Mheshimiwa, na Nishio, nilivyosikia, alikwenda kufundisha watoto hesabu katika mji mwingine.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa Sericho. Hapakuwa na turubai safari hii. Wazee walisimama, na nyuma yao wanawake, na mbele ya wanawake Qabale, mjane wa Dida, hajafunika uso, mikono imelala mapajani. Kisima kilikuwa nyuma yetu, na ng'ombe waliokuwa wamezuiwa mbali walikuwa wakilia bila kunyamaza. Nishio akatembea mpaka katikati, akapiga magoti, akaweka kipaji cha uso kwenye udongo. Alisema barua ilifika mikononi mwake. Alisema hakuelewa uzito wake, hakumwonyesha Mheshimiwa, akajibu kwa kichwa chake mwenyewe. Alisema Mheshimiwa hana kosa, kosa lote ni lake, na kuanzia leo ameacha kazi. Mtu wa gazeti alikuwa akipiga picha. Mimi nilisimama kando ya Nishio nikatafsiri. Kila neno. Sikufupisha, sikulainisha, nilipochanganya neno moja nilirudi nikalisema upya. Mwaka mzima ule sikuwahi kutafsiri vizuri hivyo, na yote yalikuwa uongo, na watu watatu tuliojua ni uongo tulikuwa tumesimama au tumepiga magoti pale pale.

Wazee walitazamana. Ni Qabale aliyesogea, akamwangalia Nishio pale chini kwa muda, akainama akampangusa vumbi begani kama mama anavyompangusa mwanawe. Kisha akaongea, si kwa hasira, kwa uchovu tu.

"Mwinueni huyu. Siye aliyepiga jembe. Aliyepiga ni yule pale. Aseme kisima ni cha nani, ng'ombe wanywe, twende nyumbani."

Watu wote wakamgeukia Mheshimiwa. Alikuwa amesimama na kofia mkononi, jua limempiga kichwani, na midomo yake ilifunguka kidogo. Nilifikiri atasema. Wallahi nilifikiri atasema. Mtu wa gazeti akashusha kamera na kumsogelea, kalamu mkononi. Mheshimiwa akanigeukia mimi.

"Amesema nini?"

"Amesema asante," nikamjibu. "Anawatakia safari njema."

Akamwinamia Qabale, akavaa kofia yake, akaingia garini.